Kabla ya Cheti, Tazama Jaketi: Maswali Yenu Kuhusu Wavushaji wa Watoto

Barua za mwezi huu nyingi zimemhusu mtu mmoja: yule anayesimama mbele ya geti la shule asubuhi na jioni, kibao mkononi, akivusha watoto barabara. Wengine wenu mnamwita trafiki wa shule, wengine mtu wa kibao. Sisi hapa tutamwita mvushaji. Barua zilizouliza jambo moja tumezijibu pamoja.

Mvushaji wetu ametimiza miaka sita mbele ya shule, kwenye barabara kuu ya Jinja. Kamati inataka kumfanyia sherehe siku ya kufunga muhula wa tatu: cheti, kilo kumi za sukari, na picha na mwalimu mkuu. Kuna la kuongeza?
*Katibu wa PTA (chama cha wazazi na walimu), Mukono, Uganda*

Sukari mpeni, na cheti mpeni, maana wengi wa watu hawa hawajawahi kuitwa mbele ya mkutano hata siku moja. Ila kabla hamjakwenda kuchapisha hicho cheti, liangalieni jaketi lake.

Litundikeni kwenye kamba usiku, mrudi nyuma kama mita 30, kisha mmoja wenu awashe tochi nzuri akiwa ameishika kando ya jicho, si kifuani. Ile mikanda ya fedha hurudisha mwanga kule kule ulikotoka, kwa hiyo ukiishika tochi chini utadhani jaketi limekufa kumbe ni zima. Mikanda ikiwaka nyeupe kama taa, vizuri. Ikionekana ya kijivu, jaketi hilo kabla ya jua kuchomoza halina kazi, na hapa kwetu watoto wa shule huanza kupita saa kumi na mbili asubuhi, wakati jua la mwaka mzima huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi. Nusu saa ile ya giza ndiyo jaketi lilinunuliwa kwa ajili yake.

Kitambaa chenyewe kina kazi nyingine. Ile rangi ya manjano-kijani inayochoma macho ni ya mchana. Ikishapauka ikawa kama ganda la ndizi iliyoiva, badilisheni. Mikanda iwe na upana wa sentimita 5 au zaidi, izunguke mwili wote na ipite mabegani, ili dereva aone umbo la mtu hata mvushaji akigeuka ubavu. Na tafadhali, msimpe jaketi la kampeni au la tangazo. Tunayaona mengi: jina kubwa limechapwa juu ya mkanda wenyewe, na kinachong'aa usiku ni nusu ya herufi.

Nunueni mawili, moja livaliwe jingine lifuliwe. Sabuni ya kawaida, maji ya vuguvugu, kuanika kivulini. Jiki, brashi na pasi huua mikanda haraka kuliko jua. Lebo ya ndani huandika idadi ya mafuo ambayo jaketi linahimili. Mtu akilifua kila Jumamosi mtaweza kuhesabu wenyewe litafika lini.

Kisha mvua. Koti la mvua la rangi nyeusi au bluu likivaliwa juu ya jaketi, mmemficha mtu wenu siku ile ile ambayo madereva hawaoni vizuri. Chukueni jaketi la namba kubwa liingie juu ya koti. Ongezeni gumbuti zenye meno, kofia ya ukingo mfupi isiyoficha uso (dereva anatakiwa aone macho yake), chupa ya chai, na kiti cha kukalia kati ya zamu na zamu.

Zawadi ambayo hatujaiona ikitolewa popote ni kupimwa macho na masikio mara moja kwa mwaka. Kipimo cha haraka cha nyumbani: asome namba ya gari akiwa mita 20, kama wanavyopimwa madereva wapya Uingereza. Akishindwa, mpelekeni hospitali, msimfukuze. Miwani ni rahisi kupatikana kuliko mtu aliyezoea barabara ile kwa miaka sita.

Siku ya sherehe yenyewe alikeni OC wa trafiki (mkuu wa polisi wa barabarani), mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na mwenyekiti wa steji ya boda. Halafu mumpe mvushaji dakika kumi za kusema barabara ile ina tatizo gani. Anajua ni lori za saa ngapi zinazokimbia, ni kibanda kipi kinaziba macho, ni mtoto gani huvuka peke yake juu kule kwenye kona.

Nimepewa kazi ya kumfundisha mvushaji mpya. Anavushaje hasa? Naona kila mmoja ana mtindo wake.
*Mwalimu wa zamu, Iganga*

Mtindo uwe mmoja, kwa sababu watoto na madereva wote wanamsoma.

Anza na watoto. Wapange mstari nyuma ya ukingo wa lami, hatua mbili kamili ndani, kwenye sehemu moja ile ile kila siku. Chora mstari kwa chokaa. Mtoto anayesimama ukingoni kabisa huguswa na kioo cha taksi hata kabla hajavuka. Wakifika kumi au kumi na tano, hilo ni kundi. Usimvushe mmoja mmoja maana utakuwa unasimamisha magari kila dakika, na dereva aliyesimamishwa mara tatu ya nne hasimami.

Sasa mvushaji mwenyewe. Anatazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, kwa kuwa Uganda tunaendesha upande wa kushoto na gari la kwanza kumfikia hutokea mkono wa kulia. Anatafuta mwanya wa asili. Hapa hesabu inasaidia. Barabara ya njia mbili ni kama mita 7. Mtoto wa P1 (darasa la kwanza) hutembea karibu mita 1 kwa sekunde, na kundi huanza kwa kujikokota, kwa hiyo weka sekunde 10. Gari la kilomita 50 kwa saa hukata mita 14 kila sekunde. Katika sekunde hizo 10 limekuja mita 140. La kilomita 80 limekuja mita 220. Basi pima kwa hatua, mita 150 kila upande, uchague kitu kisichohama: mwembe, nguzo ya umeme, ukuta wa kanisa. Gari likiwa limeshapita alama hiyo kuja kwako, kundi halianzi. Kwenye barabara ambayo magari yanakimbia kuliko hivyo, isogeze alama mbali zaidi.

Mwanya usipopatikana, ndipo anapoyasimamisha. Ananyanyua kibao akiwa bado ukingoni, anakishikilia sekunde tatu nne ili kionekane, halafu ndipo anaingia. Asiingie mbele ya gari lililo karibu. Dereva aliye macho, kwenye lami kavu, akienda 50, anahitaji kama mita 28 kusimama kabisa: 14 za kushtuka na 14 za breki. Akienda 30 zinatosha 13 hivi. Akienda 80 zinakaribia 60. Hizo ni za gari dogo lenye tairi nzima. Lori la kontena linalotoka Mombasa kupitia Malaba likiwa na mzigo linataka nafasi kubwa zaidi, na kwenye mvua zaidi tena. Kwa lori sheria yetu ni moja: likiwa linakuja, liache lipite, vusha nyuma yake.

Akifika katikati anasimama wima, kibao juu, mkono wa pili umenyooshwa upande mwingine, na anamtazama dereva wa kwanza machoni. Hasemi "twende" mpaka aone matairi yamesimama pande zote mbili. Si kupunguza mwendo; kusimama. Watoto wanatembea, hawakimbii, maana anayekimbia ndiye anayeanguka, na viatu vya wa P1 mara nyingi vimenunuliwa vikubwa ili akue navyo. Mvushaji ndiye wa mwisho kutoka barabarani, na kibao hakishuki mpaka mguu wa mtoto wa mwisho ukanyage ng'ambo.

Kosa linaloua kuliko yote ni hili. Taksi imesimama vizuri, dereva wake hata anatabasamu, na nyuma yake anakuja mtu asiyeona kwa nini imesimama. Anaovateki. Watoto wanatokea mbele ya taksi wakiwa wamefichwa na boneti, na huyo anawakuta. Dawa yake ni mbili. Mvushaji asimame upande wa nje wa gari lililosimama, si mbele yake, ili aonekane na anayekuja nyuma. Na mtoto kiongozi wa kundi afundishwe kusimama tena kwenye kona ya nje ya gari hilo na kuchungulia kabla ya kuendelea. Kwenye barabara ya njia nne mtu mmoja hatoshi. Wawili, au watoto waende kwenye daraja la juu hata kama ni mbali.

Kosa la pili ni la heshima iliyokosewa mahali: mvushaji anampungia dereva mkono kumwambia apite. Mkono ule ule unaosema "pita" kwa dereva, mtoto wa P2 anausoma kama "njoo". Mikono yake iwe na lugha moja tu, simama. Anayetaka kupita atapita mwenyewe kibao kikishuka.

Filimbi ni ya madereva, sauti ni ya watoto. Ukizichanganya, siku moja utapuliza kumzuia mtu wa boda na kundi zima litaingia barabarani.

Mimi ni mvushaji. Watu wa boda hawasimami, wananizunguka na kupita kwenye vumbi pembeni, mahali pale pale watoto wamesimama. Nina mamlaka gani? Naruhusiwa kuwapiga fimbo?
*Mvushaji, Bugiri*

Fimbo hapana, mzee. Wala kunyang'anya funguo, wala kupiga bodi ya gari. Siku mtu akianguka kwa fimbo yako, kesi ni yako.

Mamlaka ya kusimamisha gari barabarani, kwa Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998, ni ya polisi aliyevaa sare. Wewe uliyeajiriwa na wazazi unasimama juu ya jambo jingine: wajibu wa dereva kumpisha mtembea kwa miguu aliyekwisha kuingia kwenye kivuko. Ndiyo maana mvushaji anayefanya kazi mbali na zebra yuko uchi. Mwambie mwalimu mkuu akupeleke kwa OC wa trafiki wa wilaya, ujulikane kwa uso, upewe mafunzo, na afande aje kusimama nawe asubuhi chache za mwanzo wa muhula. Wiki hiyo ya kwanza ndiyo inayowafundisha madereva.

Watu wa boda wana njia yao. Karibu kila mmoja ana steji, na steji ina mwenyekiti. Nenda kwake saa za utulivu, mchana, si wakati wa ugomvi. Usianze na malalamiko. Anza na ukweli kwamba nusu ya watoto wa shule yako wanaletwa na vijana wake, watatu watatu juu ya pikipiki moja, na kwamba pikipiki inayopita pembeni inaweza kumgonga abiria wa mwenzake. Mkubaliane mahali pa kushushia: mita 30 baada ya kivuko, upande wa geti, mtoto ashuke kushoto. Kisha pandeni mawe makubwa yaliyopakwa chokaa, au tairi kuukuu zilizozikwa nusu, kwenye ile sehemu ya vumbi watoto wanaposubiri. Pikipiki haipiti palipo na tairi. Nafasi kati ya tairi na tairi isizidi sentimita 60, na ziwe mbali na lami kiasi kwamba gari likitoka nje kidogo lisizivamie.

Anayerudia, andika: namba, rangi, saa, alikotoka. Daftari la kurasa 48 na kalamu vinatosha. "Boda wanasumbua" afande atakusikiliza tu. Namba moja iliyoandikwa mara tano, siku tano, saa moja na robo asubuhi, hiyo anaweza kuifanyia kazi.

Kibao tunatengeneza wenyewe au tununue? Nipe vipimo.
*Fundi wa chuma, Tororo*

Tengeneza, fundi, ila usitumie chuma. Kibao cha pembenane chenye upana wa sentimita 45 kikikatwa kwenye bati la chuma la milimita 1.5 kina uzito wa karibu kilo 2. Kwenye alumini ya unene huo huo hakifiki gramu 700. Mshikishe mtu kilo 2 juu ya kichwa kwa dakika arobaini, uone kibao kitakuwa wapi dakika ya ishirini. Plaiwudi ya milimita 4 ni nyepesi zaidi, lakini ipake rangi hadi kwenye kingo, la sivyo mvua mbili tu itaachana matabaka.

Pembenane unaipata hivi: kata mraba wa sentimita 45. Kutoka kila kona pima sentimita 13.2 pande zote mbili, unganisha alama, kata kona. Pande zote nane zitabaki na sentimita 18.6. Piga kingo msasa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, maana kibao hiki kitaangukia watoto siku moja.

Rangi nyekundu pande zote mbili, neno STOP kwa nyeupe, herufi za urefu wa sentimita 15 na upana wa 8. Najua utauliza kwa nini si SIMAMA. Dereva halisomi neno. Anatambua umbo na rangi aliyoizoea barabarani, na umbo hilo linakwenda na herufi hizo nne. Rangi ya kopo haing'ai usiku. Bandika juu yake stika za kuakisi, zile zinazouzwa kwa wenye malori: nyekundu chini, nyeupe kwa herufi. Stika ibandikwe siku kavu, bati limefutwa kwa spiriti, ukisukuma kwa kitambaa kutoka katikati kwenda nje. Ukiacha mapovu, maji yataingia humo.

Mpini uwe mti mnyoofu wa kipenyo cha sentimita 3, na urefu ambao kibao kikisimamishwa chini, ncha yake ya juu ifike mita 2. Mvushaji akishasimama asibaki amekinyanyua. Autue mpini chini kama mkuki wa mlinzi, kibao kinabaki juu ya vichwa vya watoto. Pasua kichwa cha mti kwa msumeno sentimita 30, chomeka kibao katikati ya mpasuo, funga kwa bolti mbili za milimita 6 zenye washa, kata ncha zilizozidi. Mti utapita katikati ya T na O, kwa hiyo acha nafasi ya sentimita 3.5 hapo na 1.5 kwingine, herufi zisifichwe. Chini ya mpini vika kipande cha tyubu ya baiskeli usiteleze kwenye lami.

Funga kamba ya mkono. Upepo wa lori linalopita ni mkubwa.

Wazazi wenye magari wanapaki juu ya zebra kushusha watoto. Wakiambiwa wanasema ni dakika moja.
*Mzazi, Nansana*

Dakika hiyo moja gari lao ni ukuta: mtoto aliye nyuma yake haoni, na haonekani. Mita 10 kabla na baada ya zebra ziwe wazi, na kazi ya kuwaambia si ya mvushaji. Mwalimu wa zamu asimame hapo wiki mbili na orodha ya namba za magari, mwalimu mkuu awapigie simu jioni. Kibanda cha rolex (chapati ya mayai) kilichosogea hadi kwenye kivuko nacho kirudishwe nyuma, kwa upole, mwenye kibanda ndiye shahidi mzuri kuliko wote siku kukiwa na shida.

Sisi wa P6 tunaweza kumsaidia mvushaji kusimamisha magari? Tuna kikundi cha skauti.
*Mwanafunzi, Jinja*

Kusimamisha magari, hapana mwanangu. Mbele ya geti, mnaweza sana.

Kule Chicago, Marekani, mwaka 1920, wanafunzi ndio waliopewa kazi ya kuwaongoza wenzao kufika shuleni salama. Waingereza walipoweka sheria yao mwaka 1953 kazi ya kusimamisha magari wakawapa watu wazima. Sababu unaweza kuiona ukichuchumaa karibu na taksi iliyopaki: ukiwa na urefu wa P3 huoni ng'ambo. Na mwendo wa gari linalokuja moja kwa moja usoni ni mgumu kuukadiria hata kwa mkubwa.

Kazi yenu iko nyuma ya ule mstari wa chokaa. Wawili mbele ya foleni, mikono imenyooshwa kama geti, wasiwaachie wadogo mpaka mvushaji aseme. Mmoja nyuma kuhesabu. Mwambieni mvushaji idadi kwa sauti, "kumi na wawili!", naye ahesabu wanaofika ng'ambo. Mipira, na viatu vilivyochomoka, visifuatwe, mvushaji ataviokota. Hilo wafundisheni wa P1 kila Jumatatu, wanasahau wikendi.

Nani amlipe mvushaji? Shule inasema wazazi, wazazi wanasema serikali.
*Mjumbe wa kamati ya shule, Mbale*

Wakati mnabishana, analipwa na Mungu. Kwa shule nyingi jibu la kweli ni PTA, kwa mchango mdogo unaoandikwa peke yake kwenye bajeti ya muhula, usizamishwe kwenye "mengineyo". Shule mbili tatu zinazotumia kivuko kimoja zichangie pamoja kulingana na idadi ya watoto.

Hesabuni zamu vizuri kabla ya kukubaliana mshahara. Wengi husema asubuhi na jioni, wakasahau madarasa ya chini yanayotoka mchana. Ni zamu tatu, na katikati hawezi kwenda kulima mbali. Andikeni ukurasa mmoja: saa za kila zamu, malipo, tarehe ya kulipwa kwa simu, nani anashika nafasi akiugua, nani anagharamia matibabu akiumia kazini. Hilo la mwisho ndilo kamati nyingi huliruka. Na asiwe pia askari wa geti. Mtu hawezi kufungulia gari la mwalimu huku amesimama katikati ya barabara.

Kama kuna anayeuliza kwa nini fedha ziende huko, Shirika la Afya Duniani linahesabu ajali za barabarani kuwa chanzo cha kwanza cha vifo vya watu wa miaka 5 hadi 29. Umri wa shule umo humo wote.

Zebra yetu imefutika na magari yanapita kwa kasi. Wanakijiji wanataka kujenga tuta la udongo usiku. Tufanyeje?
*Mwenyekiti wa LC1, njia ya Masaka*

Tuta la udongo lisilo na rangi wala alama humwangusha mtu wa boda usiku wa kwanza, na mara nyingi amebeba mtu wa kijiji hicho hicho. Acheni.

Andikeni barua. Ndani ya Kampala inakwenda KCCA, mamlaka ya jiji. Barabara kuu za taifa, tangu UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, ilipovunjwa na kazi zake kurudishwa, zipo chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Za wilaya ni kwa mhandisi wa wilaya. Barua isiwe kilio, iwe hesabu: siku tatu za kazi, hesabuni watoto wanaovuka kila robo saa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili, na tena jioni. Wekeni picha ya zebra ilivyo, kutoka usawa wa kiti cha dereva, na nakala ya lile daftari la mvushaji. Saini za mwalimu mkuu, kamati, wewe mwenyewe, na muhuri wa trafiki. Ombeni vitu vyote kwa mara moja: zebra, alama za watoto pande zote mbili, matuta yenye rangi kabla ya kivuko, na alama ya kilomita 30. Hiyo 30 ndiyo ambayo Azimio la Stockholm la mwaka 2020 liliyataka mataifa yaiweke mahali magari na watembea kwa miguu wanapochanganyika.

Jambo moja la njia zinazokwenda mashariki na magharibi, kama ya Jinja: asubuhi jua linampiga usoni dereva anayetoka Kampala, jioni linampiga anayerudi. Mvushaji asimtegemee dereva huyo kuona kibao hata kama kinang'aa. Saa hizo amsubiri asimame kabisa, au atumie mwanya tu.

Mtoto akigongwa, mvushaji afanye nini kwanza?
*Mama wa watoto watatu, Busia*

Kwanza kibao juu, na watoto wengine warudi nyuma ya mstari. Ajali ya pili hutokea wakati watu wanakimbilia ya kwanza. Halafu simu, 999 au 112, aseme jina la barabara na shule iliyo karibu. Mtoto asinyanyuliwe kwa mikono na miguu na kutupwa nyuma ya pikapu, hata watu wakipiga kelele, isipokuwa kuna moto au gari linakuja. Shingo inaweza kuwa imeumia. Kama anapumua, shikilia kichwa kisigeuke na umwongeleshe. Damu inayotiririka, bonyeza kwa kitambaa safi bila kuachia. Asipewe maji wala soda. Dereva aachiwe polisi, asipigwe. Namba ya gari iandikwe.

Binti yangu wa P1 humshika mvushaji mkono kila siku wakivuka. Wanapendana. Kuna ubaya?
*Mzazi, Malaba*

Kupendana hakuna ubaya, lakini mkono ule ni wa kazi. Akiushika binti yako, mvushaji amebaki na mmoja, na huo una kibao. Mtafutie dada wa P5 au P6 anayepita njia hiyo, na mfundishe huyo dada kumshika kwenye kifundo cha mkono, si vidole. Vidole vya mtoto huchomoka. Mvushaji amsalimie wakishafika ng'ambo.